Mvua za Mwaka wa Kometi

Jumatatu, 2 Machi

Sista, muuguzi wetu, ameniagiza niandike kila kinywaji kinachopita kooni mwangu, kwa sababu uzito niliokuja nao leo haukumpendeza. Nimeandika: chai kikombe kimoja, maji ya kumezea vidonge, vipande vya barafu vya kumumunya. Ukurasa ukabaki mweupe, nikaona si vibaya kuujaza.

Mvua imeanza. Mimi ni mwalimu wa udereva. Figo zangu ziliacha kazi mwaka jana, na tangu hapo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi nafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, ghorofa ya pili ya hospitali, katika chumba chenye viti vitatu vya kulalia, dirisha moja na televisheni moja. Mchana nikipata nguvu nafundisha watu kurudi nyuma bila kugonga ukuta.

Kiti cha dirishani ni cha Hakimu. Amestaafu zamani, ila rimoti ya televisheni bado iko chini ya mamlaka yake. Cha katikati ni changu. Cha mlangoni ni cha Msusi, binti anayesuka nywele kwenye saluni moja karibu na stendi. Tunaitana kwa kazi zetu. Nadhani inatusaidia kukumbuka kwamba tulikuwa nazo.

Jumatano, 4 Machi

Msusi alikuja na habari. Huwa anakuja na habari, nyingi za ndoa za watu maarufu, kwa hiyo hatukugeuka.

"Kuna chombo kimelikimbiza donge la barafu huko angani miaka na miaka," alisema. "Sasa kimelikamata."

"Liliiba nini?" Hakimu aliuliza, macho kwenye taarifa ya habari.

"Babu, sikiliza. Kinalizunguka. Mwisho wa mwezi wa nne kitashusha mtoto wake akae juu yake, achimbe, aseme limeumbwa na nini."

"Mtoto?"

"Kamashine kadogo. Kamebebwa tumboni."

"Na huyo mama ana akili timamu, kumwacha mtoto juu ya barafu?"

Msusi alicheka mpaka mashine yake ikapiga kengele, Sista akaja kumwambia atulize mkono.

Ijumaa, 6 Machi

Nimechoka. Maji: nusu kikombe.

Jumatatu, 9 Machi

Ubishi juu ya jina. Mimi nilisema kimondo. Hakimu alisema kimondo ni kile kinachoanguka, na hiki hakianguki, kinapita zake. Huko kwao wazee walikiita nyota ya mkia. Msusi alisema hakina mkia sasa hivi, mkia kinauota kikikaribia jua, na wanaokifuatilia kwenye simu wanasema kometi. Hakimu alifumba macho kama mtu anayepima ushahidi, kisha akatamka kuwa kometi imekubaliwa, kimondo kimetupiliwa mbali, na mwenye malalamiko akate rufaa. Chombo kikubwa tunakiita Mama, kidogo Mtoto.

Sina maoni. Nimeandika kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza asubuhi yetu kupita bila mimi kuitazama saa.

Alhamisi, 12 Machi

Mdogo wangu alikuja nyumbani akiwa amelowa chapachapa. Anauza magodoro dukani kwa mtu. Alivua viatu, akajipangusa kwa taulo langu la uso, akasema, "Dada, nimeamua. Chukua figo yangu moja." Alilisema kama mtu anayemwachia mwenzake kiti.

Nilimwambia nitafikiri.

Ukweli ni kwamba sikupanga kufikiri. Huyu ndiye aliyeanza kujifunza udereva kwangu mara tatu na hajawahi kwenda kwenye mtihani. Alianza uchomeleaji, akaacha. Alianza ndoa, akaacha. Na anaongea: anaanza mlangoni na kumaliza njiani akirudi. Mtu wa namna hiyo akikupa kiungo chake utakaa maisha yako yote ukisubiri aje kukidai.

Jumatatu, 16 Machi

Mama ametuma picha. Msusi alizungusha simu kwa kadiri mipira ya damu ilivyomruhusu, mimi nikapokea, nikampa Hakimu. Kometi inafanana na kipande cha tangawizi: nundu hapa, nundu pale, shingo nyembamba katikati. Nyeusi kama mkaa. Hakimu aliishika simu muda mrefu.

"Hii ni picha kweli au ni mchoro?"

"Picha, babu. Imepigwa jana."

"Jana," alisema. Hakuirudisha mpaka nilipomgusa bega.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Mwanafunzi wangu ameigonga nguzo ya geti. Maji: sikupima.

Ijumaa, 20 Machi

Leo Hakimu alimkabidhi Msusi rimoti. Sista alisimama mlangoni akashuhudia. Kuna kipindi cha sayansi kinachorushwa asubuhi, na wataalamu walikuwa wakionyesha sehemu wanazofikiria kumshusha Mtoto. Hakimu anataka kwenye shingo, kwa hoja kwamba hapo upepo ni mdogo. Msusi alimwambia huko hakuna upepo. Hakimu akasema hilo halibadilishi hoja yake.

Nilijikuta nataka ile nundu kubwa. Pana uwanja. Nimefundisha watu wengi kuegesha. Uwanja ni kila kitu.

Ijumaa, 27 Machi

Mdogo wangu ameenda kupima bila kuniambia. Alinisubiri kwenye benchi la nje ya chumba chetu na bahasha ya maabara.

"Damu zimekubaliana, Dada. Daktari anasema kama mapacha."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Basi hakuna aliyekuuliza."

Aliikunja bahasha akaitia mfukoni. Nilimwona akitafuta kichekesho cha kusema, akakikosa. Tukatembea mpaka kwenye gari. Niliendesha mwenyewe ingawa mkono ulikuwa bado na bandeji.

Jumatano, 1 Aprili

Niandike kwa mpangilio.

Mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Tulikuwa katikati ya kusafishwa umeme ulipokatika. Hilo hutokea, jenereta hunguruma chini, taa zinarudi, Hakimu anasema neno juu ya shirika la umeme. Leo jenereta halikunguruma. Baadaye tuliambiwa maji yameingia kwenye chumba chake. Wakati ule tulisikia mvua tu, na mashine zetu zikiendelea kwa betri. Betri za mashine hizi ni nzee kama Hakimu. Ya kwake ilizima kwanza, kisha yangu, kisha ya Msusi.

Pampu ikisimama, damu inabaki kwenye mipira nje ya mwili. Ikikaa inaganda, na ikiganda imepotea. Kila mashine ina mkono wa kuzungushia, kama wa cherehani, wa kurudisha damu mwilini. Sista alikuwa peke yake; mwenzake alikuwa amekwama njiani kwa sababu ya mafuriko. Aliuzungusha wa Hakimu kwa mkono mmoja huku akiniambia, "Mwalimu, zungusha wako. Polepole. Usisimame." Nikazungusha kwa mkono usio na sindano. Msusi alizungusha wake akilia bila sauti, machozi yakidondoka kwenye blanketi.

Hapo presha ya Hakimu ikashuka. Kichwa kilianguka upande, midomo ikawa ya kijivu. Sista alihitaji mikono yote miwili: kumlaza, kumwinua miguu, kumtundikia maji. Mkono wa mashine ukabaki wenyewe.

Mdogo wangu alikuwa kwenye benchi nje. Alikuwa amekuja kunisindikiza, ingawa sikumwomba. Sista alipaza sauti, "Nani yuko hapo nje?" mdogo wangu akaingia.

"Shika hapa. Zungusha upande huu. Kwa mwendo huu huu. Ukiona povu kwenye mpira, niambie."

Akashika. Nilikuwa namwona ubavuni, karibu kiasi cha kumgusa. Nilisubiri aseme kitu. Hata msibani huwa anasema kitu. Hakusema. Macho yake yalikuwa kwenye mpira, midomo ikihesabu mizunguko, na mkono wake ulikwenda kwa mwendo uleule, bila haraka wala ulegevu, mpaka damu yote ya Hakimu ikawa imerudi na Sista akafunga vali. Hata hapo aliendelea kuzungusha. Sista alimshika kiganja akamwambia, "Tayari. Imetosha."

Hakimu alifumbua macho. Akamtazama. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mdogo wake Mwalimu."

"Unafanya kazi gani?"

"Nauza magodoro, mzee."

"Hiki kiti," Hakimu alisema, "kina godoro baya sana." Akalala usingizi.

Ndani ya gari ndipo mdogo wangu alipoanza kuongea. Aliongea njia nzima. Sikumkatiza.

Ijumaa, 3 Aprili

Hakuna matibabu. Wanakausha jenereta. Kila mtu amepewa onyo asinywe kabisa. Nimemumunya barafu moja na kuyatema maji yake.

Jumatano, 8 Aprili

Mdogo wangu alileta sponji nene akaikata kwa kisu kikali, akaitandika kwenye kiti cha Hakimu. Wakaongea asubuhi nzima, habari za Mtoto nyingi. Mdogo wangu anaamini ndani ya kometi kuna hewa. Hakimu anaamini kuna dhahabu. Msusi aliwasomea kwamba kuna barafu, vumbi na gesi yenye harufu ya mayai viza, wote wawili wakafadhaika.

Jumatano, 15 Aprili

Hakimu alizima televisheni, akasema ana jambo.

"Nimeongea na daktari. Mtoto akishatua, nitaacha kuja hapa."

Nilidhani anahamia hospitali nyingine. Msusi naye alidhani hivyo. Alimuuliza ni ipi.

"Siendi nyingine, mwanangu. Naacha mashine. Nimekuja hapa miaka mingi kuliko ninyi wote wawili. Natoka hapa nimekamuliwa kama nguo, nalala siku nzima, siku ya pili naanza kuwa mtu, siku ya tatu narudi. Na moyo umechoka, daktari anajua. Sina huzuni. Msinitazame hivyo."

"Ni kwa sababu ya ule umeme?" niliuliza.

"Hapana. Siku ile niliona vizuri kwamba siogopi, basi. Nilitaka kuacha tangu mwaka jana. Nikasema nimalize mwezi. Halafu huyu akaja na habari zake za kometi." Alimwelekezea Msusi kidevu. "Nataka kujua kama Mtoto atakaa. Nikishajua, nakwenda."

Mtu akiacha mashine, mwili unajaa sumu na maji, na hauchukui muda. Sote tunajua, hatuna haja ya kuelezana. Nilimtazama Sista. Alikuwa akipanga pamba kwenye trei, akizipanga upya.

Ijumaa, 17 Aprili

Msusi hasemi na Hakimu. Alikuja, akajifunika blanketi, akaigeuzia simu ukutani. Kuna picha mpya, nilimwona akizitazama. Hakimu aliuliza, "Wamechagua sehemu?" Akauliza tena.

"Kama unaondoka," Msusi alisema ukutani, "ya chombo hayakuhusu."

Hakimu akaniomba mimi nitafute kwenye simu yangu. Nikamwambia sina bando. Ninalo. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumatatu, 20 Aprili

Binti wa Hakimu, mfamasia, alinisimamisha kwenye korido. Ana koti jeupe na macho ya mtu asiyelala.

"Mwalimu, wewe anakusikiliza. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Aendelee. Hata kidogo."

Nilimwambia baba yake hajawahi kumsikiliza mtu tangu nimjue, na mimi si mtu wa maneno. Alitikisa kichwa kama mteja aliyeambiwa dawa imekwisha. Nilipoingia, Hakimu aliniuliza binti yake alitaka nini. Nikamwambia: anataka uendelee. "Najua," alisema. "Kila jioni ananipikia bila chumvi na kulia jikoni. Wewe ungefanyaje?" Nilifikiri juu ya bahasha ya maabara na yule anayetaka mimi niendelee.

Jumatano, 22 Aprili

Wamechagua nundu kubwa. Msusi alishindwa kuvumilia. Alikuwa ameshachomwa sindano zote mbili na kufungwa plasta, ghafla akasema kwa nguvu, "Nundu kubwa, babu, ukingoni, karibu na bonde!" Kisha akaanza kulia kwa sauti, na Hakimu akamwacha alie. Alipomaliza akamuuliza, "Bonde lina kina gani?" Msusi akapangusa pua akaanza kueleza.

Nundu kubwa ndiyo niliyosema mimi tangu mwanzo. Hakuna aliyekumbuka.

Jumatatu, 27 Aprili

Wameahirisha. Kometi imeanza kutema vumbi, Mama amelazimika kurudi nyuma. Sasa ni tarehe 14 Mei. Msusi alitangaza kwa uso wa huzuni ambao hata mtoto mdogo asingeuamini. Hakimu alinung'unika juu ya wataalamu wanaopewa kazi na kuzembea. Sista aliimba akiosha mikono.

Mchana nilikutana na yule mfamasia kwenye geti. Alikuwa ameshasikia.

"Hawawezi kuahirisha tena?" aliniuliza, kama vile mimi ndiye ninayepanga.

Jumatano, 6 Mei

Mvua usiku na mchana. Barabara ya kwetu imekatika, nimefika kwa kuzunguka. Mtoto amepimwa, kifaa chake kimoja cha kung'ang'ania chini hakijibu. Wataalamu wamepiga kura, wameamua atashuka hivyo hivyo. Hakimu aliomba maelezo yasomwe mara mbili. "Kwa hiyo anashuka bila mguu mmoja wa kushikilia." "Ndiyo, babu." "Na wamekubaliana wote?" "Wengi wao."

Ijumaa, 8 Mei

Nimelala dakika chache chache nikiwaza ukingo na bonde. Ni upuuzi. Nina mwanafunzi wa mtihani Jumanne.

Alhamisi, 14 Mei

Si siku yetu ya mashine, kwa hiyo tulikusanyika nyumbani kwa Hakimu. Sebule yake ina makochi ya vitambaa vya kufuma, kabati la vitabu vya sheria vilivyovimba kwa unyevu, na picha ya marehemu mkewe akiwa amekasirika. Tulikuwepo mimi, Msusi, mdogo wangu, binti yake mfamasia, na Sista, ambaye alikuja na nguo za nyumbani na mwanzoni hatukumtambua. Umeme hakuna. Mdogo wangu aliiegemeza simu ya Msusi kwenye jagi, akaichomekea betri aliyokuja nayo, tukabanana mbele yake kama watu wanaoota moto. Mvua ilipiga bati kiasi kwamba Msusi alilazimika kurudia kila neno.

Mtoto alikuwa ameachiwa tangu asubuhi. Hana injini, anaanguka tu, polepole kuliko mtu anavyotembea. Msusi alitueleza jambo lililotutuliza na kutuudhi: kometi iko mbali mno hivi kwamba habari zinachukua karibu nusu saa kufika. Tukiona anatua, ameshatua.

"Kwa hiyo sasa hivi huenda ameshafika?" mfamasia aliuliza.

"Huenda."

"Au ameshavunjika."

"Huenda."

"Basi tunachosubiri ni nini?" mdogo wangu aliuliza. "Imeshakuwa."

"Tunasubiri kusomewa," Hakimu alisema.

Kwenye kioo kulikuwa na chumba kilichojaa watu wenye kompyuta. Hakuna aliyekuwa akifanya kitu. Mmoja alikuwa akitafuna kifuniko cha kalamu. Niliwapenda kwa hilo. Picha ilikwama, ikarudi, ikakwama. Hakimu alikaa ukingoni mwa kochi, miguu imemvimba juu ya ndala, mkono wake mmoja umelishika goti la mdogo wangu. Sidhani kama alijua amelishika.

Picha ikakwama kabisa. Msusi aliinua simu, akaizungusha hewani, akasimama juu ya kiti cha mkewe Hakimu ambacho huwa hakikaliwi na mtu. Hakimu hakumkataza. Simu ikarudi na sauti kabla ya picha: kelele. Tulidhani ni mvua. Kisha tukaona wale watu wamesimama, wanakumbatiana, yule wa kalamu amejifunika uso kwa mikono.

"Ametua," Msusi alisema pale juu ya kiti. "Ametua. Ametua, babu."

Sista alipiga vigelegele. Mdogo wangu alinyanyua jagi badala ya mikono. Mimi nilikuwa nimesimama, sijui tangu lini. Kifua kilikuwa kinanidunda nikadhani ni potasiamu, chumvi ya damu inayovuruga moyo wetu sisi wa figo, imepanda, nikajipima mapigo, kisha nikaelewa kwamba nimefurahi.

Hakimu hakusimama. Alikuwa akitabasamu na meno yote aliyonayo. Binti yake ndiye pekee aliyekuwa akimtazama baba yake, si simu.

Ndipo mtu mmoja kule akasema kitu kwenye kipaza sauti, na chumba kikatulia. Msusi akatafsiri vipande vipande. Mtoto amegusa chini. Amedunda. Amegusa tena. Hawajui amekaa vipi. Ishara inakuja na kupotea.

"Amekaa au hajakaa?" Hakimu aliuliza.

"Hawajui."

Alifikiri. Mvua ilikuwa imepungua, tungeweza kusikilizana.

"Nilisema nitaacha nikishajua kama amekaa," alisema. "Mahakama haina ushahidi wa kutosha. Kesi inaahirishwa."

Binti yake aliinuka akaenda jikoni. Tulisikia akifungua bomba la maji, na bomba likaendelea kumwaga muda mrefu.

Ijumaa, 15 Mei

Hakimu alikuja. Sista alimfunga kwenye mashine. Mtoto amelala ubavu kwenye kivuli cha mwamba, paneli zake za sola hazipati jua la kutosha. Anaishi kwa betri. Anafanya kazi: ametoboa, ameonja, anatuma.

Jumatatu, 18 Mei

Bado anatuma. Msusi anasoma, Hakimu anauliza. Kuna barafu chini ya vumbi, ngumu kuliko walivyofikiri. Hakimu anadai alisema hivyo.

Jumatano, 20 Mei

Betri imekwisha. Habari za mwisho zilifika jana kabla ya jua kuchwa, vipimo vyote vimetumwa, kisha kimya. Wataalamu wanasema kazi imefanyika.

"Amekaa," Hakimu alisema.

Msusi akaizima simu.

Ijumaa, 22 Mei

Mara yake ya mwisho. Alivaa suti. Sista aliukunja mkono wa shati mwenyewe. Televisheni ilizimwa, mvua nyepesi ilikuwa dirishani. Alipofunguliwa alimpa mkono kila mmoja wetu. Kwa Msusi alisema, "Ahsante kwa kuniletea jambo la kungojea." Msusi alimbusu kiganja, akamtengenezea kola. Kwangu alisema, "Mwalimu, tuonane," akatambua alichosema, akacheka. Nami nikacheka. Binti yake alimpeleka kwa kiti cha magurudumu, ingawa alitaka kutembea.

Jumatatu, 25 Mei

Kiti cha dirishani kitupu. Msusi alisuka nyuzi za blanketi asubuhi nzima.

Jumamosi, 30 Mei

Nilikwenda kumwona Hakimu. Anasinzia, anaamka, anajikuna. Mdogo wangu alikuwepo. Kumbe huenda kila siku, akitoka dukani. Amemtandikia godoro jipya na anamgeuza ubavu kwa saa zake, binti apate kulala. Hakuniambia. Nilisimama mlangoni nikamtazama akimwinua yule mzee, mkono mmoja chini ya mabega, mwingine chini ya magoti, akimwambia kabla ya kila tendo anachotaka kufanya. Nimemjua mdogo wangu tangu alipozaliwa. Nilikuwa na orodha ya mambo aliyoyaacha, nimeitunza vizuri. Sikuwahi kuandika alichobaki nacho.

Jumanne, 2 Juni

Hakimu amefariki leo asubuhi, nyumbani.

Ijumaa, 5 Juni

Nilikwenda dukani. Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya magodoro yaliyofungwa nailoni, nikakaa pembeni yake, nailoni ikalia chini yetu. Hakukuwa na mteja.

"Bado unayo?" niliuliza.

"Nini?"

"Ile figo."

Alinitazama kuona kama nafanya mzaha. Huwa sifanyi.

"Nilikuwekea," alisema.

"Utaumia. Na unaweza kubadili mawazo, hata siku yenyewe. Sitakulaumu."

"Dada, utanilaumu."

"Kidogo."

Tukakaa. Baadaye akaingia mama mmoja kuulizia godoro la kitanda cha mtoto, mdogo wangu akainuka akaenda kumhudumia.

Jumatano, 10 Juni

Mgonjwa mpya kwenye kiti cha dirishani, dereva wa lori, kimya, ameogopa. Msusi alimuuliza kama anajua kuna kometi. Akasema hajui. Msusi akavuta pumzi akaanza mwanzo kabisa. Mimi niliongezea pale alipokosea juu ya bonde.

Jumatatu, 22 Juni

Mvua zimekwisha. Vipimo vya mwisho vimekubali.

Alhamisi, 25 Juni

Vitanda viwili, chumba kimoja, mimi na mdogo wangu, tunasubiri kupasuliwa. Tumevalishwa magauni ya kijani yanayofungwa nyuma. Yeye anaanza, mimi namfuata. Wakati wakimpima presha alitazama dari tu.

"Dada."

"Naam."

"Unaogopa?"

"Ndiyo."

"Sana?"

"Sana."

"Afadhali," alisema. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Nilinyoosha mkono, yeye akanyoosha wake, vitanda vikawa mbali kidogo kuliko mikono. Mhudumu aliyekuja na kitanda cha magurudumu aliona, akakisukuma changu kwa goti mpaka tukafikiana. Hatukuwa tumeshikana mikono tangu nilipokuwa nikimvusha barabara kwenda shule. Kiganja chake kimekuwa kikubwa kuliko changu, na kilikuwa na jasho.

Wamemchukua. Ndala zake zimebaki chini ya kitanda, moja imepinduka. Nimeshuka nimeigeuza, nimeziweka pamoja, vidole vikielekea mlangoni. Nasikia magurudumu yanarudi.